Ukuta Ulioliwa na Maji ya Mkonge

Asubuhi ile mama yangu alikataa kutoka ndani ya nyumba kwa sababu moja tu: ukuta uliotaka kumwangukia niliuziba mimi.

Alikuwa akiishi kwenye nyumba ya zamani ya kambi ya mkonge, nje kidogo ya Korogwe. Nyuma ya chumba chake palikuwa na ukuta wa mawe na chokaa uliozidi kimo cha mtu, na juu yake ulipita mfereji wa maji yanayotoka kiwandani mkonge unapochakatwa. Maji yale ni makali. Yakikugusa unajikuna, yakikaa siku mbili yanachacha, na yakichacha yanakula chokaa, hata saruji. Sisi tuliozaliwa kambini tunalijua hilo kabla ya kujua kusoma, kwa hiyo sina pa kujificha.

Masika yalipoisha alinionyesha ufa wenye matawi matawi, unatoa jasho la kijani.

"Wewe si fundi? Usipoziba ufa..."

Hakumalizia, wala hapakuwa na haja. Nilileta nyundo na tindo ili nipanue ufa kabla ya kuujaza. Pigo la tatu tindo likazama lote. Nikaingiza fimbo: tundu, na ndani ya tundu njia mbili, na kila njia imezaa nyingine, kama vile mchwa wamefanya kazi. Maji makali hayali ukuta mzima sawasawa. Yanatafuta penye upenyo, yanaula, upenyo unapanuka, basi maji mengi zaidi yanakimbilia hapo hapo na kuchipuza njia mpya. Jiwe la pembeni linabaki kavu kabisa, linakudanganya. Ukuta ule ulikuwa wa kubomolewa. Lakini mimi nilikuwa na kazi mjini inanisubiri, na nilipenda kusifiwa. Nikaziba mdomo wa tundu kwa saruji, nikapiga niru, ule uji wa saruji wa kulainishia, hadi ikang'aa, nikawatambia majirani kwamba hapo hata sisimizi hapiti.

Miezi minne baadaye, Jumapili, nilikuta ukuta umetokeza tumbo. Kiraka changu kilikuwa kizima, kinang'aa kama siku ya kwanza. Maji yalikuwa yamefungiwa mlango, yakachimba kwingine, na sasa yalitiririka chini kabisa, usawa wa msingi wa chumba cha mama. Vijiwe vilikuwa vikidondoka kimoja kimoja.

"Mama, toka. Toka sasa hivi!"

"Niende wapi? Nimebandika chai."

"Ukuta unakuja."

"Ukuta upi? Huu uliouziba wewe?" Akacheka.

Majirani walikuwa wamejaa uani. Mzee mmoja akamsihi, "Mama, sikiliza, hali ni mbaya."

"Nyie mnamdharau mwanangu," akamjibu. "Mimi namwamini."

Nilimkasirikia, Mungu anisamehe. Nilimshika mkono nimvute, akang'ang'ania fremu ya mlango. Ana mwili, na ana kichwa kigumu kuliko mwili. Jiwe kubwa likaanguka nyuma, sufuria zikatikisika rafuni. Hakushtuka. Alinitazama kwa ile imani yake, nami nikaona kwamba imani hiyo ndiyo itakayomuua.

"Sikuziba, mama," nikasema, tena kwa sauti, uani kote wakasikia. "Nilifunika. Tindo lilizama lote. Niliona ukuta umeoza ndani, nikanyamaza."

Akaachia fremu. Akachukua khanga yake, akatoka bila kunitazama. Tulikuwa hatujafika barabarani ukuta uliposhuka, ukapita na chumba cha kulala.

Nilimpeleka kwangu Kwamndolwa. Mchana kutwa watu walikuja kumpa pole. Aliwapokea vizuri, akawasimulia mawe yalivyolia, na habari zangu hakuzigusa. Nilitamani anitukane. Walipoondoka nilimwekea chakula, akanawa mikono, kisha akakaa nayo magotini bila kula.

"Kitanda changu kilikuwa upande ule," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Miezi minne. Wewe huku ulikuwa unapata usingizi?"

Nilikuwa na uongo tayari mdomoni, ule wa kujigeuzageuza usiku kucha. Nikaumeza.

"Nilikuwa nalala, mama. Nilikuwa nalala vizuri."