Barua kutoka Benki Isiyo na Pesa

Mwezi wa saba wa kazi yangu Zambia, sista aliyesimamia hospitali alituita ofisini na kutuambia kwamba kuanzia mwezi unaofuata mishahara itapitia benki. Wenzangu walishangilia. Mimi nilihisi uchovu ukinipanda kutoka miguuni. Nilijua maana yake: karatasi, na maswali ya umetoka wapi.

Mimi ni mkunga. Nilizaliwa Kolwezi, upande wa Zaire, nikasoma Kolwezi, na kwa miaka tisa nilizalisha wanawake wa Kolwezi katika hospitali ya kampuni ya migodi. Baba yangu alikuwa fundi wa mitambo ya umeme kwenye bwawa la Nzilo. Naye alizaliwa kulekule Katanga, lakini babu ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba, na hilo lilitosha. Kampuni ilipoanza kuporomoka, mishahara ikachelewa, dawa zikaisha kabatini, na watu wakatafuta wa kulaumiwa. Wakubwa wakatunyooshea kidole sisi. Tukaitwa bilulu, yaani wadudu. Asubuhi moja majirani walikuja, wengine nikiwa nimewapokea watoto wao kwa mikono hii, wakasema tuache funguo mlangoni tuondoke.

Tulikaa kwenye gare, stesheni ya treni, majuma sita, chini ya turubai, tukingoja behewa. Baba na mama walipata nafasi kwenye behewa la kwenda Kasai, mkoa ambao hawakuwahi kuuona. Mimi nilikuwa nimepata barua ya padre: kuna misheni upande wa Solwezi, ng'ambo ya mpaka, inatafuta mkunga. Tuliagana relini. Baba hakulia. Aliuliza tu kama nimechukua cheti changu cha kazi. Nikamwonyesha, akakikunja vizuri zaidi kuliko nilivyokikunja mimi, akanirudishia.

Kwa hiyo nilikwenda benki pale Solwezi nikiwa na kila nilichodhani kitatakiwa: pasipoti, kibali cha kazi, barua ya hospitali, picha mbili. Afisa aliyenipokea alikuwa mwanamke wa rika langu. Tuliongea Kibemba, ambacho nilikiokota sokoni Kolwezi. Alipanga karatasi zangu mezani moja moja, akatikisa kichwa.

"Nahitaji wateja wetu wawili ambao wanakufahamu kwa miaka miwili."

"Sijafikisha hata mwaka mmoja hapa."

"Basi lete barua ya benki yako ya zamani, waseme ulikuwa mteja wao na hukuwa na tatizo."

"Benki yangu iko Kolwezi."

"Waandikie."

Nilimweleza kwamba posta ya huko haifanyi kazi. Hakunitazama kwa ubaya. Alisema, "Mama, mgeni lazima awe na mtu wa kusema anamjua. Mimi sina njia nyingine."

Sista alijitolea kunitunzia mshahara kwenye sanduku lake la chuma. Nilimshukuru, nikakataa. Tangu siku ya funguo nilikuwa nalala kwa watu, nakula kwa watu, nafunikwa blanketi za watu. Nilitaka kitu kimoja chenye jina langu. Nikaomba ruhusa ya siku kumi.

Nilivuka mpaka pale Kasumbalesa, nikafika Lubumbashi, halafu nikapanda lori la unga wa mahindi kwenda Kolwezi. Barabara ilitumeza siku mbili. Kwenye kizuizi kimoja askari alidai kitambulisho. Kadi yangu ya Zaire ilionyesha Kasai kama mahali pa asili, kwa hiyo sikuitoa. Nilimpa kibali cha kazi cha Zambia, chenye muhuri na maandishi ya Kiingereza. Alikishika kichwa chini miguu juu, akanipungia mkono nipite.

Kolwezi nilifikia kwa mama mmoja Mlunda, mwenyeji wa kule, aliyekuwa amenisimamia ubatizo. Alinikumbatia, akafunga mlango.

"Mwanangu, unarudia huku kufanya nini?"

"Minatafuta barua ku banki."

"Barua ku banki?" Aliketi. "Ba-ndugu yako bangali kule ku gare. Kila siku tunazika. Na we unatafuta barua."

Nilikunywa uji alionipa, nikalala mchana kutwa. Kesho yake alinifunga kitambaa chake kichwani ili nisitambulike upesi, akanisindikiza.

Mlango wa benki ulikuwa nusu wazi. Watu walikaa kwenye ngazi, lakini hawakuwa hata wamepanga foleni. Walikaa kama watu waliozoea kukaa pale. Ndani palikuwa na karani mmoja mzee nyuma ya dirisha, shati lake limefuliwa mpaka kola imechanika.

"Kama ni makuta, mama, urudie juma ingine," alisema kabla sijafungua mdomo, akidhani nimefuata pesa.

"Si makuta, tata. Ni barua tu. Ya kusema nilikuwa na conte hapa, nilikuwa naweka makuta."

Alicheka kidogo. Kisha akaona sicheki, akauliza jina langu. Nikalitaja. Jina langu ni la Kikasai. Halifichiki chini ya kitambaa. Alitazama watu wa mlangoni, akanifanyia ishara nizunguke niingie kwa mlango wa nyuma.

Kwenye stoo, sakafuni, palikuwa na maboksi mawili ya sabuni yaliyojaa kadi za wateja. "Hizi ni zenu," alisema. "Benye balienda. Balituambia tuzitoshe mu kabati, tuzitupe." Alipiga magoti, goti moja kwanza, la pili kwa shida, akaanza kupekua. Nami nikapiga magoti upande wa pili. Nilikuta walimu wangu mle. Nilikuta daktari aliyenifundisha kushika mtoto anayetanguliza miguu. Nilikuta kadi ya baba, na sahihi yake iliyosimama wima kama nguzo za umeme. Niliishika muda mrefu mpaka karani akaniuliza.

"Ni tata yako?"

"Ndiyo, njo yeye. Alikuwa Nzilo."

"Eko fasi gani sasa?"

"Banasema eko Mwene-Ditu, kule Kasai. Analala mu shule, na ba-famille ingine tano."

Alichukua kadi ile kwa vidole viwili, akaitia kwenye mfuko wa koti langu, kisha akaendelea kupekua mpaka akaipata yangu.

Alipiga barua kwa mashine ambayo wino wa utepe wake ulikuwa umekwisha; alirudia kila mstari mara mbili ili usomeke. Iliandikwa kwa Kifaransa kwamba najulikana, kwamba mwenendo wangu ulikuwa mzuri. Mwisho akaacha nafasi ya sahihi, akaitazama.

"Mukubwa wetu alienda na treni kama tata yako. Na ule mupya hataweza kusaini jina kama hii. Anaogopa."

"Basi tufanye nini?"

"Nitasaini mi mwenyewe." Akasaini, akapiga muhuri, akaupulizia. "Bataniuliza nini? Banki yenyewe inakufa."

Aliponifungulia mlango wa nyuma aliniuliza kwa sauti ndogo, "Kule banalipa kila mwezi?"

"Banalipa, tata."

"Kila mwezi," alisema, akatikisa kichwa, akarudi kwenye dirisha lake. Sikuwahi kujua kama kuna aliyemuuliza kuhusu sahihi ile.

Solwezi, padre wa misheni alitafsiri barua ile kwa Kiingereza. Afisa wa benki aliisoma, akapitisha kidole juu ya muhuri.

"Huyu aliyesaini ndiye meneja wao?"

"Ndiye," nilisema. Ulikuwa uongo, na sijawahi kuuungama.

Akanipa fomu. Niliijaza bila shida mpaka pale walipouliza anwani ya kudumu. Nilianza kuandika namba ya nyumba yetu ya Kolwezi, akanizuia.

"Hapo andika mahali utakaporudi kazi yako ikiisha."

Nilikaa na kalamu. Nyuma yangu mtu alikohoa. Niliifikiria Mwene-Ditu, nikaona sijui hata mtaa anaokaa baba una jina gani. Niliifikiria Kolwezi. Mwishoni niliandika sanduku la posta la hospitali ya masista.

"Hiyo ni posta," alisema. "Mtu hakai posta."

"Najua, dada."

Alinitazama, kisha akatazama foleni, akagonga muhuri. Akanipa kitabu kidogo cha kijani chenye jina langu, lililokosewa herufi moja. Nilimwonyesha kosa. Alisema kulirekebisha kunahitaji fomu nyingine. Nikasema aliache.

Nilirudi misheni kwa miguu kutoka njia kuu. Masista walinipikia kuku, wakapiga makofi nilipowaonyesha kitabu. Nilikula kwa heshima yao tu; kitabu nilikuwa nacho, pa kurudi sina. Jumapili ile nililala mpaka misa ikaisha, na hakuna aliyekuja kuniamsha.