Jaba la Bernadina

Miaka ya nyuma, mtu akitaka kulimiwa shamba pale Maretadu alianza kwa kumtafuta Marieta. Alikuja na debe la ulezi wa kupikia pombe begani, akasalimia vizuri, akaulizia ng'ombe na watoto, ndipo akataja siku. Marieta akiitikia, mwenye shamba hakuwa na haja ya kuzunguka nyumba kwa nyumba kuomba watu. Habari ilitangulia yenyewe: Jumamosi ni kwa fulani, pombe ameshika Marieta. Watu walifika na majembe yao kabla umande haujakauka, wakalima kwa nyimbo, na jua likishafika utosini kata ya pombe ilianza kuzunguka. Hakuna aliyelipwa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya kualikana, na katikati yake, wala hakujificha, alikuwepo Marieta amesimama kando ya chungu chake huku akifuta mikono kwenye khanga, anatazama nyuso za watu wanapomeza funda la kwanza.

Hakuwa mlevi. Yeye mwenyewe alionja tu, akatema. Alichokipenda ni zile nyuso.

Kisha Hhando, mume wake, alianguka kutoka juu ya paa alilokuwa akiezeka huko Masakta. Walimpeleka hospitali akiwa amelazwa kwenye godoro nyuma ya gari la mizigo, na daktari akasema hawezi kuahidi kwamba mgongo huo utapona. Marieta alikaa kwenye benchi la korido siku tatu. Siku ya tatu alimwambia Mungu kwamba kama Hhando atasimama, yeye hatashika pombe tena maisha yake yote. Alitafuta kitu kikubwa cha kutoa, akakiona hicho. Hakuwa na kingine chenye jina lake.

Hhando alisimama. Alisimama na fimbo, hawezi kuinama, hawezi kubeba, lakini alisimama. Marieta akavunja vyungu viwili nyuma ya nyumba, akatoa ushuhuda mbele ya usharika wote, na kina mama wakamwimbia. Baadaye, akiwa peke yake shambani, kuna siku aliwaza jambo ambalo hakumwambia mtu: kwamba yeye alitoa chote, na Mungu akamrudishia nusu ya mwanamume.

Hayo angeyabeba. Kilichomshinda ni Bernadina.

Bernadina alikuwa jirani yake wa mpaka mmoja. Walisoma darasa moja, wakaolewa mwaka mmoja, wakaitana Mama Sara na Mama Bona tangu wazaliwe hao Sara na Bonaventura. Miaka yote ambayo Marieta alipika pombe, Bernadina alikuwa wa kumchotea maji na kumkatia kuni. Marieta alipoacha, watu walikaa msimu mmoja bila kujua waende wapi, halafu wakaenda kwa Bernadina. Si kwamba alikuwa hodari. Alikuwepo tu, na alikuwa amekaa karibu na chungu cha mwenzake miaka ishirini, macho yake hayakulala.

Naye alikuwa Mkristo vilevile. Hapo ndipo moyo wa Marieta ulipochubuka kila siku. Bernadina ni Mkatoliki. Jumamosi alipika pombe, Jumapili akapokea komunyo amejifunga kitambaa cheupe, na padre akimpita barabarani alimwita kwa jina wakacheka. Mungu ni yuleyule. Lakini kwa Bernadina alikuwa mgeni mwepesi: alikuja, akakaa, akafurahi, akaenda. Kwa Marieta aliingia na moja kwa moja akaanza kutoa vyombo nje.

Juu ya hayo, Bonaventura, aliyefungua duka Katesh, alimjengea mama yake nyumba ya matofali, bati la rangi, sakafu ya saruji iliyopigwa hadi inang'aa. Marieta alibaki kwenye tembe lake la udongo, ambalo nusu yake ni ya watu na nusu ya ng'ombe, kama walivyolala wazee wao. Jioni upepo ukitoka upande wa Bernadina ulimletea harufu ya kimea, ule ulezi ulioteshwa kwa ajili ya pombe. Kwa harufu tu aliweza kusema kimeanikwa siku ngapi. Kimeanikwa mbili, alijisemea, na moyo wake ukapata faraja ndogo mbaya: kilitakiwa tatu.

Wakati wa palizi wenzake wa kanisani walisema mpendwa wao hataachwa. Wakaja sita. Eva, kiongozi wa kina mama, alifungua kwa sala ndefu, wakaimba beti zote za wimbo, wakapalilia mistari minne, wakala ugali, wakafunga kwa sala. Ng'ambo ya mpaka watu arobaini walikuwa wanapita kwenye shamba la Bernadina kama moto kwenye nyasi. Marieta aliwashukuru wale sita kwa moyo, na alipowasindikiza alitamani wangeomba kidogo na kupalilia sana.

Ikafika Mei, maharage yakawa ya kung'olewa. Majani yamekuwa ya njano, maganda yamekauka, na mawingu ya mwisho wa masika yanajikusanya upande wa Mlima Hanang. Maharage yakipigwa na mvua wakati huo huota ndani ya maganda yake, na mwaka mzima wa kula unakuwa umeota nao. Sara, ambaye angekuja kumsaidia, alikuwa Mogitu na mtoto wa wiki mbili. Marieta aling'oa peke yake, mstari kwa mstari, na Hhando, akiwa ameketi mlangoni, alipukuchua kile kilicholetwa mbele yake. Shamba la Bernadina nalo lilikuwa halijaguswa. Lilikuwa linasubiri Jumamosi.

Alhamisi saa kumi jioni Bernadina alipiga hodi. Hakukaa kwenye kigoda alichopewa.

"Pombe yangu imegoma, Mama Sara."

Marieta aliendelea kupepeta. Akauliza imegomaje.

"Nimeiweka tangu jana asubuhi. Imelala tu, haina hata povu la kudanganyia watoto. Na watu ni kesho kutwa."

"Umeiweka wapi?"

"Kwenye jaba, pale sebuleni. Pasafi, hakuna vumbi."

Ungo ulisimama mikononi mwa Marieta. Aliona mara moja, kama mtu anavyomwona ng'ombe wake katikati ya kundi la ng'ombe wa watu wengine. Ile sakafu nzuri. Ile saruji ambayo yeye mwenyewe aliipita kwa miguu mitupu siku ya kubarikiwa nyumba, ikampiga baridi hadi magotini. Jaba la plastiki juu ya saruji, katika baridi ya Mei, chini ya bati: pombe hiyo ingelala hadi Krismasi. Yeye miaka yote aliweka chungu chake ukutani kwa ng'ombe, pumzi zao zikakipasha moto usiku kucha. Bernadina naye aliweka humo humo alipokuwa bado kwenye tembe, bila kujua kwa nini. Na tembe hilo la zamani bado lilikuwepo nyuma ya nyumba mpya, na ng'ombe sita ndani. Ilikuwa ni kulihamishia jaba humo tu. Maneno matatu, manne.

"Unajua niliacha," Marieta alisema.

"Sijasema unywe. Sijasema hata ukoroge. Njoo uangalie, uniambie. Watu wakimaliza kwangu, nitawaambia wavuke mpaka, waingie kwako. Saa nane hivi watakuwa kwako, na wewe hujapika kitu."

"Mimi nimeokoka, Mama Bona. Mikono yangu nilishamkabidhi Mungu."

"Ningekuwa naomba mikono ningekuja na kamba ya kukuvuta. Naomba mdomo."

Marieta akanyamaza. Alisikia kunyamaza kwake kunavyopendeza, kulivyo kwa heshima, kama mtu aliyevaa nguo ya kanisani. Bernadina akajifunga khanga vizuri.

"Haya. Mungu wako akubariki."

"Ni wetu sote."

"Wangu angenijibu," Bernadina alisema, akatoka.

Hhando aliendelea kupukuchua. Maharage yalidondoka moja moja kwenye beseni. Halafu, bila kuinua macho, akasema, "Ulijua."

"Nilijua nini?"

"Ulimuuliza ameiweka wapi. Mtu asiyejua angeuliza habari ya kimea."

Marieta alimjibu kwa ukali kwamba nadhiri ile aliiweka kwa ajili ya mgongo wake, na kama mgongo umesahau, yeye hajasahau. Hhando akalivuta beseni karibu, akaendelea kupukuchua.

Ijumaa, kwenye ibada ya kina mama, Marieta alisimama akatoa ushuhuda. Alisema adui alimjia jana kwa sura ya jirani, akamwahidi kazi ya watu arobaini kwa neno moja tu, naye akakataa. Kina mama wakapaza sauti kumsifu Mungu. Eva alifuta machozi kwa ncha ya kitambaa, akasema wangekuwepo watano kama Marieta usharika ungekuwa mwingine. Zamani hizo nyuso alizipata kwa kata. Sasa alizipata kwa kunyima. Alirudi nyumbani kwa hatua ndefu, na njiani hakujiuliza kitu chochote.

Jumamosi watu walifika kwa Bernadina kama kawaida. Marieta aling'oa maharage yake huku masikio yakiwa ng'ambo. Nyimbo ziliendelea hadi kama saa sita. Kisha kata ilizunguka, na wimbo ukafa katikati ya ubeti. Alisikia mtu akicheka, akauliza kwa sauti kama huu ni uji wa wagonjwa. Mwingine akasema afadhali angebaki nyumbani akanywa maji ya kisima, hayamwangushi mtu moyo. Hawakugombana. Waliaga kwa adabu, mmoja ana mgonjwa, mwingine ana ng'ombe wamepotea, wakaondoka wawili wawili, na kabla ya saa saba nusu ya shamba ilikuwa bado haijang'olewa.

Marieta alifurahi. Lazima isemwe hivyo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Furaha ilimpanda kutoka tumboni, na kwa muda wa mistari miwili mizima mikono yake ilifanya kazi kama ya msichana. Wamemkumbuka, aliwaza. Leo kila mmoja njiani anasema, enzi za Mama Sara.

Halafu alinyoosha mgongo, akamwona Bernadina. Alikuwa peke yake katikati ya shamba, ameinama, anang'oa na kutupa, anang'oa na kutupa, haraka haraka kama mtu anayekimbizwa. Kitambaa kilikuwa kimemtoka kichwani na hakukiokota. Upande wa Hanang hapakuwa na mlima tena, palikuwa na weusi tu.

Marieta alikaa akitazama. Alitafuta ndani yake ile nadhiri, aliyozoea kuishika mambo yakiwa magumu, akaikuta haina la kumwambia. Nadhiri ilisema pombe. Haikusema kitu juu ya sakafu.

Alivuka mpaka. Maharage yake aliyokwisha kung'oa aliyaacha kwenye marundo, hayajafunikwa. Hakusalimia, aliingia mstari wa pili akaanza kung'oa. Walifika mwisho wa shamba, wakageuka, wakarudi. Ndipo aliposema.

"Ni sakafu, Mama Bona. Saruji ina baridi. Ungelihamishia jaba kwa ng'ombe. Nilijua tangu juzi."

Mikono ya Bernadina ilisimama. Alikaa hivyo, na mashina yamemning'inia mikononi, mpaka Marieta akatamani angetukanwa.

"Na kanisani umewaambia?"

"Niliwaambia nilikataa."

"Wakakusifu?"

"Wakanisifu."

Bernadina alitoa sauti puani, isiyo kicheko, akainama tena. "Ng'oa basi," alisema. "Sifa hazing'oi."

Mvua iliwakuta bado wana mistari kumi. Walikusanya kilichokwisha kung'olewa, wakavuta turubai juu ya rundo kubwa, kila mmoja kashika upande wake, wakaweka mawe kwenye pembe. Turubai lilikuwa moja. Kutoka pale Marieta aliyaona marundo yake ng'ambo, yanabadilika rangi.

"Maharage yako," Bernadina alisema.

"Nayaona."

Mvua ilikaa siku nne. Marieta alipofungua maganda, nusu ya maharage yalikuwa yametoa vimizizi vyeupe, na vidole vyake, ambavyo vilijua chipukizi la ulezi hata gizani, viliyatambua kabla ya macho. Walikula yaliyoota wiki nzima, yana utamu usiofaa. Siku moja Hhando alisema yamepikwa vizuri.

Ijumaa iliyofuata alisimama tena mbele ya kina mama, akasema kwamba ushuhuda wake wa wiki iliyopita ulikuwa nusu: alikataa, ndiyo, lakini si kwa ajili ya Bwana, ilikuwa ni wivu. Kina mama waliangalia viatu vyao. Eva alishukuru kwa haraka akataja namba ya wimbo. Tangu siku hiyo hakuna aliyesema wangekuwepo watano kama yeye.

Yeye na Bernadina hawakusemezana Juni nzima. Walisalimiana tu, kwa sababu hakuna anayeweza kutosalimia.

Julai, mahindi yakiwa ya kuvunwa, Bernadina alisimama mpakani asubuhi moja, ameshika kibuyu kidogo kwa mikono miwili. Alisema jaba limelala kwa ng'ombe. Hii ameichota mapema, haijachacha, ni togwa tu, hata mtoto wa Sara angekunywa. Watu ni Jumamosi.

"Onja. Useme."

Marieta alipokea. Ilikuwa na uvuguvugu bado. Alinywa funda moja akaliweka ulimini, na ulimi wake, ambao haukupewa kazi kwa miaka mitatu, ukaamka wote. Alitafuta kosa. Alilitafuta kwa bidii, kwenye kimea, kwenye unga, kwenye moshi wa kuni. Kimea kilikuwa kimeanikwa siku tatu. Kulikuwa na kitu pale mwishoni, utamu mdogo unaobaki baada ya kumeza, ambacho yeye kwa miaka ishirini alikitafuta, na mara mbili tu alikaribia kukipata.

Bernadina alikuwa anamtazama usoni. Marieta aliujua mtazamo huo. Ulikuwa wake.

"Ni nzuri," alisema.

"Kama yako?"

Ng'ombe walikuwa wanatoka kwenda malishoni, wakapita kati yao na barabara, na vumbi likatulia kabla hajajibu. Angeweza kusema ndiyo, na ingetosha. Jirani angeridhika, na isingekuwa mbali sana na kweli.

"Kuliko yangu," Marieta alisema.

Bernadina alichukua kibuyu chake, akakifunga kwa jani, akaondoka polepole ili kisimwagike. Marieta alirudi kwenye mahindi yake. Moyo ulikuwa unamuuma palepale pa siku zote, na utamu ule ulikuwa bado mdomoni.