Mkuki wa Bwanaheri

Vita vya Maji Maji vilipopoa, huku Mchukwi hatukuwa na jembe hata la dawa. Yote yalikuwa yamefuliwa mikuki, na aliyeyafua ni Sadallah, mhunzi wetu. Msimlaumu mbele yangu, mimi Johari, tutagombana! Vijana walipotoka kwa mganga Ngarambe kunywa maji ya dawa, wakiapa kwamba risasi za Wadachi zitageuka maji, aliwaambia wazi: "Risasi naiyeyusha mimi kila siku. Bila moto haigeuki chochote." Mwanawe Bwanaheri akamcheka. "Baba, unataka niitwe mwoga?" Basi akamfulia na yeye. Angefanyaje?

Masika yakaingia. Wanangu walikuwa wanakula mizizi, mbegu ya mpunga nimeificha, na cha kulimia sina. Shambani nilikuwa nimeokota mkuki, nikaufunga kwenye kaniki, mbio mpaka kwa Sadallah.

Wanawake wengine walikuwa wamenitangulia. Kila mkuki alioletewa, Sadallah alitaja jina la aliyeuchukua. "Huu wa Semeni. Huu wa Tamimu." Kisha anauuliza, kama anaongea na mtu: "Mbona umekuja peke yako?" Mkewe, Mwantum, ndiye aliyekuwa akivukuta mifuo, maana vijana wa kuvukuta hawakurudi.

Zamu yangu ikafika. Akaugeuza mkuki wangu, akaitazama shingo yake iliyosokotwa, tofauti na mingine yote. Huu hakuutaja jina.

"Umeutoa wapi, mwanangu?"

"Shambani kwangu, mzee. Mwenyewe nilimzika. Uso ulikuwa hautambuliki."

Ya Rabi, ulimi wangu huu! Mifuo ikanyamaza. Nikawatazama wote wawili, ndipo nikaelewa kwamba niliyemzika ni mtoto wao.

Kwa wahunzi wetu, chuma kikuukuu hutiwa motoni na mwenyewe au mtu wa nyumba yake, kwa mkono wake, kisije kikamfuata mhunzi. Sadallah akanirudishia mkuki. "Siwezi. Mwenyewe si wewe."

Nikalia, tena kwa hasira. "Wanangu wanakufa, mzee! Mvua ndiyo hii!"

Mwantum akainuka. Akanishika bega. "Alielekea kibla?"

"Nilimwelekeza, mama. Kwa mikono yangu hii."

Akauchukua mkuki, akaukumbatia kifuani kitambo, halafu akaulaza kwenye makaa. "Mwenyewe ni mimi," akasema. "Fua, baba Bwanaheri. Watoto wa mwenzetu wapate kula." Akarudi kuvukuta huku machozi yanamchuruzika.

Chuma kikaiva. Sadallah akapiga nyundo, na pigo la kwanza tu akaitika: "Naam, baba." Sisi tulisikia nyundo tu. La pili, akaitika tena. Hakuna aliyethubutu kumgusa. Alifua akiitika, kwa upole vile vile alivyokuwa akimwitika mwanawe, mpaka mkuki ukawa jembe.

Akanikabidhi kwa mikono miwili. Hakuliachia kwanza.

"Ukifika pale alipolala," akaniambia, "lima taratibu."