Kitambaa Chekundu cha Bosco

"Mzee Wandera, kwa nini hukumpiga risasi mbwa wangu Bosco?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la tatu. Mzee alikuwa askari wa wanyamapori aliyestaafu, na hapa Baba Dogo tulimjua kwa kutengeneza redio na kuimba besi kanisani. Mwaka huo mbwa wa mtaani alimuuma mtoto wa jirani. Mkutano wa wapangaji wa ploti yetu ulibishana hadi jioni, mwishowe Mzee akapewa kazi: apige risasi kila mbwa asiye na kitambaa chekundu shingoni, alama ya mbwa mwenye mwenyewe.

Siku ya msako ilipofika, mimi nilikuwa nimemvua Bosco kitambaa chake nikakifua, kwa sababu kilinuka.

Mzee alimkuta nje ya geti letu, watu wakimfuata, akainua bunduki. Nilitaka kusema ni wangu, lakini kwa woga nikajibanza nyuma ya geti.

"Buda, piga," kijana mmoja akasema. "Ama unangoja akusalimie?"

"Huyo hana mwenyewe," akasema mama wa yule mtoto.

Bosco akatikisa mkia. Mzee alitazama juu ya ukuta wetu, kisha akashusha bunduki na kwenda zake huku wakimzomea. Kazi ile hakuirudia tena.

Swali langu alilikwepa miaka yote. "Soma kwanza," alikuwa akiniambia. Sasa niko kidato cha tatu, na jana nilipompelekea uji nikamuuliza tena.

"Kwenye kamba yenu ya nguo," akasema, "katikati ya soksi za shule, niliona kitambaa chekundu kinadondosha maji. Nikajua huyu mbwa ana mtu wa kumfulia."