Dominika Alipopanda Ulingoni

Dominika wa Malangali si mtu wa kupaza sauti. Anauza mitumba Majengo, na mteja akishusha bei kupita kiasi yeye husema tu, "Haya, chukua." Ndiyo maana waliokuwepo ukumbini Jumapili ile bado wanabishana kama kweli ni yeye aliyefanya vile.

Mumewe, Teodori, alikuwa kuli wa kupakia magunia ya mahindi, na pia bondia wa kulipwa. Mwezi wa tano alikwenda kupigana Tunduma, akapigwa nokauti, akabebwa hajitambui. Tangu arudi, akiamka alikuwa anashika ukuta. Siku moja alimwita binti yao, Anjela, kwa jina la shangazi yake aliyekwisha kufariki, na alipoambiwa amekosea akabisha kwa ukali.

"Baba Anjela, twende hospitali," Dominika alimsihi.

"Ni baridi tu hii. Wewe ngumi unazijua?"

Hata mwezi haujaisha, promota mmoja aitwaye Ngeleja akaja nyumbani na pambano jipya. Dominika akamuuliza, "Aliyepigwa nokauti si anatakiwa apumzike, apimwe kichwa kwanza?"

Ngeleja akacheka. "Shemeji, daktari wetu atampima palepale. Ondoa shaka."

Kwa hiyo Jumapili Dominika akaenda ukumbini, si kutazama ngumi, bali kumwona huyo daktari. Akamwona. Alikuwa Alois, muuza dawa za mifugo, amevaa koti jeupe lililombana mabegani. Alimmulika Teodori machoni kwa tochi ya simu, akampigapiga begani, basi, kipimo kimekwisha. Nje hakukuwa na gari la wagonjwa. Kulikuwa na pikapu ya Ngeleja, imejaa kreti za soda.

Kisha mtangazaji akaita, "Kutoka Mpanda, Enock Radi!"

Aliyeinuka ni mumewe.

Dominika alihisi masikio yanaziba kwa hasira. Alipenya katikati ya watu, akainua kamba ya ulingo, akaingia na kandambili zake.

"Huyu hajatoka Mpanda!" alipiga kelele. "Anaitwa Teodori, ni mume wangu, tunakaa Malangali! Alizimia Tunduma mwezi uliopita, mmembadilisha jina watu wasijue, mummalizie hapa! Na wewe Alois, umesomea watu lini? Juzi umeniuzia dawa ya kuku!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kicheko kile kilimchoma kuliko yote.

"Mnacheka? Akifa mtacheka hivyohivyo?"

Ngeleja akapanda akimkenulia meno. "Shemeji, unaniharibia kazi."

"Kichwa cha mume wangu ndiyo kazi yako?"

"Shuka, mama Anjela," Teodori akasema, ulimi mzito. "Unaniaibisha."

Dominika hakushuka. Aliketi chini katikati ya ulingo, miguu ameinyoosha, kama mtu aliyekaa kupeta ulezi. Mwamuzi hakumtazama bondia, alimtazama Ngeleja, akingoja aambiwe la kufanya.

Mpinzani, Calvin, kijana wa Mbeya, ndiye aliyesogea. "Kaka, ni kweli ulizimia?"

Teodori akainamisha uso. Calvin akaanza kung'ata kamba za glavu zake azivue. "Mimi simpigi mgonjwa," akasema. Pambano likavunjika, chupa za maji zikaanza kurushwa kutoka kila upande, moja ikampata Dominika shavuni.

Teodori hakurudi nyumbani. Alihamia kwa kaka yake Kizwite, na ujumbe pekee aliotuma ulisema: Umenivua nguo mbele ya mji mzima. Dominika aliusoma kibandani, akatupa simu kwenye rundo la masweta, akaendelea kukunja nguo.

Kisha siku moja kaka mtu akapiga simu. Teodori alikuwa ameanguka shambani, mwili unarukaruka. Hospitalini walimpima kwa mashine, na daktari, mama wa makamo asiyezungusha maneno, akawaambia damu ilikuwa imevujia kichwani tangu muda mrefu. Angepigwa ngumi mbili tatu zaidi, wangekuwa wanamzika. Hakuna kupigana tena, wala kubeba magunia.

Teodori yuko nyumbani sasa. Hajasema asante, na Dominika haingojei. Anampikia, anamshika mkono kwenda uani, lakini mume naye hakuepuka hasira yake. "Ulikubali kuitwa Enock," humwambia akimwekea bakuli la uji. "Ungekufa Enock, mimi ningemzika nani?" Teodori hunywa uji wake.

Dominika alipeleka malalamiko polisi dhidi ya Ngeleja, akaambiwa alete ushahidi. Akauliza, watu waliojaa ukumbi mzima si ushahidi? Akaambiwa asubiri.

Bado anasubiri, na wiki iliyopita tangazo jipya la pambano la Ngeleja lilibandikwa ukutani Majengo: mabondia wawili wamekunja ngumi. Dominika alilichana mchana kweupe. Mwenye duka akatoka mbio.

"Mama, utashtakiwa!"

"Wanishtaki," Dominika alisema, akilikunjakunja kiganjani. "Huko mahakamani angalau nitaulizwa nilichokiona."