Daktari Aliyeonja Kwanza

Vita vilipokwisha nilirudi Kigali kutoka Tanzania na diploma ya uhasibu, niliyoisomea kwa fedha zangu za kuuza vitenge. Hedhi yangu ilikuwa imekoma, na joto lilinipanda kifuani hadi usoni kama mvuke wa chungu. Alfajiri nilikaa dirishani kwangu, mtaa wa Kabeza, nikitazama ukungu ukielea juu ya vilima, nisijue kama nimelala au niko macho. Ofisini nilikuwa nimepewa cheo kikubwa, na kukosa usingizi kungeninyang'anya cheo hicho.

Daktari wa kwanza aliisifu diploma yangu, akaniandikia vidonge vya homoni bila kuniuliza lolote. Sifa nilizipokea, vidonge sikununua.

Wa pili alikuwa mwanamke wa rika langu. Aliniuliza kuhusu matiti, kuganda kwa damu, na maradhi ya mama yangu. Kisha akaniwekea vidonge mezani.

"Dada msomi, mbona unaviangalia tu?"

"Kwetu mwenye nyumba huonja kwanza, kuonyesha hakuna sumu, ndipo mgeni anywe."

Alicheka hadi akashika meza. "Hiyo ni pombe, dada, siyo dawa!" Lakini alifungua mkoba wake, akatoa pakiti ya vidonge vilevile, imebaki nusu. "Haya, mwenye nyumba ameshaonja."

Nilimchagua papo hapo awe daktari wangu, nikaanza kumeza vidonge. Majuma yakapita, na asubuhi moja ukungu ukaja dirishani, ukanikuta bado nimelala fofofo, lile joto la kifuani limetulia.