Kalinga Aziba Shimo Lililomlisha

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu wa Nyololo bado umelala barabarani kama ng'ombe asiyetaka kuamshwa. Ndani yake anatokea mtu mwenye gunia mgongoni, amepinda kama herufi iliyoandikwa na mtoto wa darasa la kwanza. Anafika penye shimo, anainamisha bega, na mawe yanatumbukia topeni.

Mtu huyo ni Kalinga, umri wake miaka arobaini na minane, kazi yake kusukuma malori yaliyonasa. Lakini tangu Septemba ana kazi ya pili, isiyo na mshahara. Analiziba shimo linalompa kazi ya kwanza.

Wasomaji wa mjini huenda wasilijue shimo hilo, na hilo ni kosa, maana heshima yake ni kubwa. Liko kwenye mwinuko, katikati ya barabara kuu itokayo Iringa kwenda Mbeya, na wakati wa mvua hakuna lori lipitalo bila kusimama kulisalimu. Wakubwa wengi wameshuka hapo, wakavua viatu.

Kando yake hukaa watu sita wenye kamba, majembe na gogo fupi. Lori likinasa, watano husukuma. Wa sita huinama nyuma ya gurudumu na lile gogo, akalisogeza kila lori linapopanda, ili likitaka kurudi nyuma likute kizuizi. Malipo ni shilingi tatu kwa lori, za watu wote sita.

Kazi hiyo inaitwa sitilago. Jina lake limetoka kwenye Bedfodi ya Halfani Matano, mfanyabiashara wa Iringa ambaye babu zake walikuja kutoka pwani. Juu ya kichwa cha lori lake kumeandikwa neno moja la Kiingereza kwa rangi nyekundu: STRUGGLE.

Shuleni neno hilo hufundishwa kwa msaada wa fimbo. Mwanafunzi husimama, akakariri: kujitahidi sana, kupambana, kufanya jambo kwa taabu. Kisha huketi, kwa taabu.

Watu wa Nyololo hawakuhitaji mwalimu. Walilisoma kichwani mwa lori, wakamwuliza Halfani maana yake, wakaanza kulitumia. "Leo kuna sitilago?" ni kuuliza kama kuna lori lililonasa. "Mke wangu ana sitilago" ni kusema uchungu wa kuzaa umemshika. Mtu akikataa pombe, huulizwa ana sitilago gani nyumbani.

"Nilimwambia mchoraji aniandikie neno la Kizungu lenye nguvu," anasema Halfani. "Akaniambia hili ni la watu wanaojitahidi. Lori likanasa siku ileile. Ningejua, ningeandika Bismillahi."

Ugumu wa kazi hii ni kiangazi. Jua likiwaka, tope hukauka, malori hupita yakipiga honi kwa dharau, na watu sita hulala njaa. Kwa sababu hiyo, shimo lilikuwa likilishwa.

"Lilikuwa na zamu, kama ng'ombe," anaeleza Philbert, kijana mrefu ambaye sasa ndiye kiongozi wa kundi. "Leo wewe ndoo za maji, kesho mimi. Na jembe kidogo pembeni, lisije likajiziba. Wenzetu wana chai, bwana. Sisi tuna shimo."

Aliyepanga zamu hizo kwa miaka mingi ni Kalinga. Wenzake wanakiri kwamba hakuna aliyelitunza shimo vizuri kama yeye. Alijua limwagiwe kiasi gani ili lori linase lakini lisivunjike ekseli, kwa sababu lori lililovunjika halilipi.

Aprili mwaka huu, mwenye gogo alikuwa Liberatus, mtoto wa kwanza wa Kalinga, mwenye miaka ishirini na miwili. Lori lilikuwa la mgeni, limejaa mahindi. Lilipanda hadi karibu na ukingo, likachoka, likaanza kurudi. Liberatus aliweka gogo mahali pake, kama alivyofundishwa na baba yake.

Gogo likazama. Tope lilikuwa limelishwa likashiba, halikuwa na kitu cha kulishika gogo wala mtu. Gurudumu likapita juu ya vyote viwili.

"Alifanya sawasawa," anasema Kalinga. "Mkono wake haukukosea. Chini ndiko hakukuwa na kitu."

Wiki ya mazishi alirudi barabarani, akamnyang'anya Philbert gogo, na tangu siku hiyo hakuna mwingine anayeruhusiwa kulishika. Kiangazi kilipoingia alikataa zamu ya maji. Septemba akaanza kuleta mawe, na wenzake wakadhani anayaokota kijitoni.

Kundi lilidhani ni msiba tu, utapita. Haukupita. Ndipo mawe yakaanza kutolewa. Anayoweka asubuhi, kesho yake hukuta baadhi yametupwa mtaroni. Hakuna aliyeuliza nani ameyatupa.

Asubuhi hii Kalinga anayakuta tena mtaroni. Anashuka kuyaokota. Philbert anakuja akitembea polepole, mikono mfukoni, na salamu yake ni ya heshima.

"Kamwene, baba."

"Kamwene."

"Baba, mvua zimeanza. Ukiliziba sasa, mimi nitakula nini?"

"Sijui."

"Mwanangu atakula nini?"

"Sijui, Philbert."

"Basi usituzibe midomo! Ungekuwa na dawa ya njaa, mimi ningekusaidia kubeba."

Kabla Kalinga hajajibu, mwinuko unatetemeka. Ni Halfani na Bedfodi yake, neno jekundu likichungulia kutoka kwenye ukungu. Gurudumu la nyuma linaingia pale mawe yalipotolewa, linazunguka bure, linatema tope mpaka usoni mwa watu.

"Haya, wanasitilago!" anapiga kelele Halfani dirishani. "Riziki yenu imefika, na mgongo wangu umevunjika!"

Hakuna anayecheka. Wanasukuma. Kalinga anatembea ameinama nyuma ya gurudumu, uso karibu na mpira, gogo mikononi. Lori linasita mara moja, na kila mtu anaacha kupumua. Kisha gurudumu la upande wa pili linakanyaga mawe yaliyobaki, linapata kitu cha kushika, na lori linapanda.

Halfani analipa. Philbert anashuka mtaroni kunawa tope kwenye maji yaliyotuama, na hapo anasimama. Miguuni pake kuna jiwe kubwa, jeusi, lenye mshipa mweupe unaolizunguka kama mkanda.

"Hili si la kijitoni," anasema.

"Si la kijitoni," anajibu Kalinga.

Philbert analijua. Mwaka jana yeye na Liberatus walilibeba pamoja kutoka kilimani, limefungwa kwenye mti, mmoja mbele mmoja nyuma, wakitukanana njia nzima. Lilikuwa jiwe la pembe la msingi wa nyumba ambayo Liberatus alikuwa anajenga aoe. Mawe yote anayoleta Kalinga yanatoka hapo.

"Baba, unabomoa nyumba yake?"

"Alisema nyumba yake haitakaa kwenye tope. Sasa nani atakaa humo?"

Philbert anaondoka bila kuaga. Mama wa Liberatus, Severina, anasema na yeye alipinga mwanzoni. "Nilimwambia asiguse hata moja. Nilikuwa naenda kukaa pale kwenye msingi, nachambua mboga. Kisha nikaona kila lori likija, moyo wangu unakwenda nalo. Nikamletea gunia mwenyewe."

Asubuhi ya pili mawe yako mahali yalipowekwa. Hata lile lenye mkanda mweupe limerudishwa shimoni, limekaa vizuri, upande bapa juu, na si Kalinga aliyeliweka.

"Sikusaidii," anasema Philbert, akiangalia pembeni. "Nina mtoto. Nimesema tu sitoi tena."

Msingi umebaki upande mmoja, ule wa mlango. Kalinga anaamini mawe yake yatatosha, ingawa mvua zinakuja kwa kasi kuliko mgongo wake. Bwana Barabara, ofisa wa serikali anayesimamia njia hii, ameahidi kokoto. Aliahidi mwaka jana pia, na mwaka juzi. Mashamba ya chai yanaandika vibarua, na Kalinga anasema ataomba, kama watamtaka mtu wa umri wake.

Anaulizwa anatumaini nini. Ameketi mlangoni kwake na Severina, sahani ya viazi katikati yao. Anachukua kiazi kimoja.

"Nataka siku moja nikae hivi hivi, nakula," anasema. "Halfani apite na lile neno lake kichwani. Nilisikie lori linapanda, linakwenda zake Mbeya. Na mimi nisiinuke."

Mbali, upande wa Iringa, injini inaanza kunguruma. Kiazi kinasimama nusu ya njia kati ya sahani na mdomo wa Kalinga. Miguu yake tayari imejikusanya chini yake.

Severina anamwekea mkono gotini.

"Bado liko mbali," anamwambia. "Kula."